Aliyebahatisha Jina, Je, Amesema Kweli?

Katika baadhi ya shule za vijijini kuna desturi njema. Siku ya posho asubuhi mwalimu huwatoa wanafunzi nje ya darasa, wakaenda pamoja kandokando ya mto au ukingoni mwa msitu, wapate kutazama viumbe kwa macho yao wenyewe. Wengine hutazama ndege, wengine miti. Leo twataka kusema juu ya vipepeo, na juu ya swali moja linalozaliwa katika matembezi hayo. Swali hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana.

Watoto wawili wanamwona kipepeo akipita upesi. Rangi yake ni ya machungwa, na ncha za mabawa yake ni nyeusi. Mtoto wa kwanza papo hapo apaza sauti na kutaja jina lake. Wa pili asema: «Nimeona rangi tu, sikuliona bawa la nyuma. Bado sijui.» Baada ya kitambo kipepeo atua juu ya ua. Wote wawili wanamkaribia polepole, wanamtazama vema, na kumbe jina alilolitaja yule wa kwanza ndilo jina lake hasa. Basi, kati ya hao wawili ni nani aliyefanya vema? Watu wengi watamsifu wa kwanza, kwa kuwa amepatia. Sisi twasema sivyo, nasi tutaeleza sababu. Lakini kwanza yatupasa kuwafahamu vipepeo wenyewe.

1. Namna ya kumtazama kipepeo

Afrika ina aina za vipepeo zaidi ya 4,000, na misitu ya Kongo ni mojawapo ya makao yao makubwa. Aliye mkubwa kuliko wote katika Afrika huitwa na wataalamu Papilio antimachus. Huishi katika misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati. Akikunjua mabawa, hupata sentimita 18 mpaka 23, yaani kupita upana wa daftari la shule. Lakini si lazima kumtafuta huyo. Vipepeo wa kutosha wapo karibu na kila kijiji.

Kipepeo hana joto lake mwenyewe kama mbuzi au kuku. Asubuhi ya baridi hukaa kimya, hufungua mabawa na kuota jua kama mzee aliyekaa mlangoni pa nyumba yake. Kwa hiyo yafaa kutoka saa tatu au saa nne ya asubuhi, jua likiisha kupata nguvu. Mtafuteni penye maua. Mtafuteni pia penye matope kando ya mto, kwa maana madume hukusanyika hapo kunywa maji yenye chumvi ya udongo. Tena wako wengine wenye mwili mnene na mbio nyingi, waitwao Charaxes, ambao hawapendi sana maua, bali huvutwa na harufu ya ndizi au maembe yaliyooza.

Mkiisha kumwona, ulizeni kwanza: Je, huyu ni kipepeo au ni nondo? Tazameni vipapasio viwili vya kichwani. Vya kipepeo huwa na ncha nene kama kirungu kidogo. Vya nondo kwa kawaida ni kama uzi mwembamba au kama unyoya. Halafu tafuteni dalili tano: rangi ya mabawa upande wa juu, rangi yake upande wa chini, namna ya kuruka, majani anayotagia mayai, mahali na majira ya mwaka. Dalili moja haitoshi. Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu, nao walisema kweli; lakini kila mkulima ameona mawingu mengi yaliyopita bila kunyesha.

Neno moja tena: msimshike. Ule unga unaobaki vidoleni ni vigamba vidogo sana vya mabawa yake, navyo vikitoka haviti tena mahali pake wala havioti vingine. Tumieni macho. Aliye na simu ya kupiga picha na apige, ila akumbuke kwamba picha moja huonyesha upande mmoja tu.

2. Vipepeo wawili wenye vazi moja

Karibu kila mahali penye jua, katika mashamba na katika pori, yuko kipepeo wa rangi ya machungwa ambaye ncha za mabawa yake ya mbele ni nyeusi zenye madoa meupe. Huruka polepole, kama mtu asiye na adui. Wataalamu humwita Danaus chrysippus. Sababu ya utulivu wake imo katika chakula cha utoto wake. Kiwavi wake hula majani ya mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa, na katika utomvu huo mna sumu. Sumu hiyo haimdhuru kiwavi. Yeye huiweka mwilini mwake, nayo hubaki hata akiisha kuwa kipepeo. Ndege mchanga akimla, mara nyingi hutapika, na tangu siku ile akiiona rangi hiyo huiacha ipite.

Sasa, yuko kipepeo mwingine aitwaye Hypolimnas misippus. Jike wake amevaa vazi lile lile: rangi ya machungwa, ncha nyeusi, madoa meupe. Lakini hana sumu ile. Ndege aliyeonja uchungu wa yule wa kwanza humwogopa na huyu pia, naye husalimika kwa vazi la jirani yake. Jambo hili lilielezwa kwa wataalamu mwaka 1862 na Mwingereza Henry Walter Bates, aliyekuwa amekaa miaka 11 katika nchi za mto Amazon, kule Amerika ya Kusini, akiwatazama vipepeo wa huko.

Tutawatambuaje hao wawili? Tazameni bawa la nyuma. Danaus ana madoa meusi matatu au manne karibu na katikati ya bawa hilo. Hypolimnas ana doa moja tu, nalo liko karibu na ukingo wa mbele. Mkiwapata viwavi wao, tofauti ni wazi zaidi. Kiwavi wa Danaus ni laini, ana mistari myeusi, myeupe na ya manjano, na jozi tatu za nyuzi nyeusi zinazosimama mgongoni kama pembe. Kiwavi wa Hypolimnas ana miiba.

Mtu aweza kuuliza: Je, Hypolimnas ni mwongo? Twajibu: La. Yeye hakulichagua vazi lake, wala hajui kwamba amelivaa. Uongo ni wa mwenye akili na hiari. Kama kuna kosa hapa, si la kipepeo. Ni la mtu atazamaye nusu na kusema yote.

3. Kipepeo mmoja mwenye mavazi mengi

Tumeona wawili wanaofanana wasipokuwa wamoja. Kuna na kinyume chake. Dume wa huyo Hypolimnas ni mweusi, mwenye madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na nuru ya buluu na zambarau. Akikaa karibu na jike wake, mgeni atasema hawa si wa ukoo mmoja.

Tena yuko Precis octavia. Wale wanaotoka katika majira ya mvua huwa wa rangi nyekundu ya machungwa yenye madoa meusi. Wale wanaotoka wakati wa kiangazi huwa wa buluu iliyokoza, wenye mstari wa rangi nyekundu. Si kwamba kipepeo mmoja hubadili nguo. Ni watoto wa ukoo mmoja, waliokua katika majira mbalimbali. Wataalamu wa zamani waliwapa majina mawili, wakidhani ni aina mbili. Mwishoni mwa karne ya 19 mayai ya mmoja yalilelewa, wakatoka vipepeo wenye vazi la mwingine, na neno likaisha.

Wa tatu ni Papilio dardanus. Dume wake ni wa manjano, na kila bawa la nyuma lina mkia. Majike katika sehemu kubwa ya Afrika hawana mikia hiyo, nao wana mavazi ya namna nyingi, mengi yakifanana na ya aina nyingine za vipepeo wachungu. Kwa miaka mingi wataalamu waliwahesabu kuwa ni aina mbalimbali. Mwaka 1869 Roland Trimen, mtaalamu aliyefanya kazi kusini mwa Afrika, alitoa maandiko ya kuonyesha kwamba wote ni aina moja. Baadhi ya wenzake hawakumsadiki. Lakini baadaye watu waliwalea watoto wa jike mmoja, wakaona madume wenye mikia na majike wasio na mikia wakitoka katika mayai yale yale.

4. Jibu la swali letu

Sasa twaweza kurudi kwa watoto wetu wawili. Kusema «Huyu ni fulani» ni kutoa ushahidi. Maana yake ni kusema: «Nimeona ndani yake yale yanayomfanya kuwa fulani.» Mtoto wa kwanza hakuyaona. Aliona rangi, na rangi ile ni ya wawili. Basi alisema zaidi ya alivyoona. Kwamba jina limepatana na kipepeo, hilo halikutoka katika bidii yake. Lilitoka katika bahati.

Lakini mtu atasema: «Kuna ubaya gani, kama mwisho wake ni mzuri?» Tumfikirie mwindaji. Yuko porini, aona majani marefu yakitikisika, hangoji kuona kitu, apiga risasi. Aenda kutazama, akuta ameua swala. Je, tumsifu? Nyama ni nzuri, na watoto wake watashiba leo. Hata hivyo hakuna mtu mwenye akili kijijini atakayemruhusu kuwinda tena upande ambako wanawake huokota kuni. Kosa lake lilitimia alipopiga bila kuona. Swala hakulifuta kosa hilo, amelificha tu.

Ndivyo ilivyo kwa mtu anayebahatisha majina. Anayemsikiliza hawezi kupambanua neno lake la kujua na neno lake la kubahatisha, kwa maana yote mawili huyasema kwa sauti ile ile. Hivyo hata neno lake la kweli limepungukiwa thamani, kama fedha njema iliyochanganywa mfukoni na fedha bandia.

Walinganisheni sasa na wale wataalamu wa zamani waliompa Precis octavia majina mawili. Wao walikosa, lakini kosa lao si la namna hii. Walitazama kwa uangalifu, wakaandika dalili walizoziona, wakaziweka mbele ya wote. Ndiyo maana wengine waliweza kuwasahihisha. Kwa hiyo mwaona jambo la ajabu: mtu aweza kupatia jina naye ana hatia, na mtu aweza kukosa jina naye hana hatia. Tukitaka kujua kama mtu ni mkweli, yatupasa kuuliza mambo mawili: alisema nini, na alikuwa ameona nini alipokuwa akisema.

5. Mabishano mawili

La kwanza. Mtu atasema: «Ndege humhukumu kipepeo kwa vazi, naye hupona. Mama naye, akiokota uyoga porini, akiutilia shaka mmoja huutupa, wala hangoji kuujua vema. Kwa nini sisi tusifanye vile vile?»

Twajibu: Mama huyo afanya vema kabisa. Lakini mtazame vizuri anachofanya. Hasemi «Huu ni wa sumu.» Asema «Siujui,» na kwa sababu haujui hautii chunguni. Kuwa na hadhari si kutoa hukumu. Tena uyoga uliotupwa haukuonewa. Hauna jina la kuharibiwa, hauna watoto watakaochekwa shuleni. Kwa vitu, shaka hutuambia: acha, usile. Kwa watu ni namna nyingine, maana mtu huumizwa na lile jina lenyewe. Huko shaka hutuambia: nyamaza, usiseme.

La pili. Mtu atasema: «Ngoja ngoja huumiza matumbo. Tukingoja dalili zote, hatutataja jina lolote mpaka kufa.»

Twajibu: Hakuna aliyedai dalili zote za duniani. Twadai dalili zinazotosha. Kipepeo akiwa ametua, nawe umeyahesabu madoa ya bawa la nyuma mara mbili, jenzio naye ameyahesabu, basi lisemeni jina kwa sauti. Kunyamaza hapo si unyenyekevu tena, bali ni uvivu au woga. Trimen alipokuwa na dalili za kutosha alisema, ingawa wengine hawakumsadiki, naye alifanya vema. Mkweli ana wakati wa kusema «Sijui» na wakati wa kusema «Ndiye.» Tofauti kati ya nyakati hizo haitoki katika tabia yake ya ukali au upole. Hutoka katika yale aliyoyaona.

6. Jina la mtu

Wasomaji wapenzi, kipepeo hadhuriki kitu tukimwita kwa jina lisilo lake. Huruka akaenda zake. Mbona basi tumesema maneno haya yote? Kwa sababu ulimi tunaouzoeza katika mambo madogo ndio huo huo tutakaoutumia katika mambo makubwa.

Mnajua yanayotokea vijijini. Mtoto wa jirani amekufa kwa homa. Watu wamekaa penye kilio wakiwa na uchungu, nao watafuta sababu. Mmoja asema: «Yule mama mzee anayekaa peke yake, je, hamkuyaona macho yake yalivyo mekundu?» Hiyo ndiyo dalili moja, kama rangi ya machungwa ya kipepeo aliyepita upesi. Macho ya mama aliyepika miaka 50 juu ya moto wa kuni, katika nyumba isiyo na dirisha, huwa mekundu kwa moshi. Macho mekundu ni ya wengi. Lakini jina la mchawi likiisha kutajwa, nani atalirudisha? Maji yakimwagika hayazoleki. Kesho nyumba yake yachomwa, kesho kutwa afukuzwa, na wengine wameuawa.

Hata watoto hutajwa hivyo: mtoto aliyekonda, mtoto aotaye usiku na kulia, yatima aliyeletwa kwa ndugu wa baba. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto humwadhibu mtu anayemsingizia mtoto uchawi. Ni sheria njema, lakini askari na hakimu hufika baada ya neno kutoka. Kabla ya neno kutoka yuko mtu mmoja tu awezaye kulizuia, naye ni mwenye kinywa.

Mtu aweza kusema hapa: «Mimi sikudanganya. Nilisema nilivyodhani.» Yafaa ajibiwe kwamba amri ya nane haimlindi jirani na uongo wa makusudi peke yake, humlinda pia na hukumu ya haraka. Aliyedhani na aseme «nadhani,» tena amwambie yule mwenye haki ya kusikia, wala asitangaze kilioni. Asiyeona chochote na anyamaze. Na aliye na dalili za kweli, kwa mfano aliyemwona mwizi kwa macho yake akitoka ghalani na gunia, asijifiche. Aende kwa mkubwa wa kijiji aseme aliyoyaona, yote, wala asiongeze.

7. Shauri la mwisho

Basi, enyi wazazi, msiwazuie watoto wanapotaka kwenda kutazama vipepeo, mkisema ni mchezo wa kupoteza muda. Nanyi walimu, mkiwatoa siku ya posho, wapeni kazi hii. Kila mtoto agawanye ukurasa wa daftari lake kwa mstari mmoja wa katikati. Upande wa kushoto aandike kichwa cha maneno: Niliyoyaona. Upande wa kuume: Ninayoyadhani. Kipepeo akipita, rangi na iandikwe kushoto, idadi ya madoa kushoto, jani alilotagia kushoto. Jina na likae kuume, mpaka yaliyo kushoto yatakapotosha kulivusha mstari.

Mwanzoni watoto watachoka, kwa maana upande wa kuume hujaa upesi na ule wa kushoto hujaa polepole. Msiwahurumie katika hilo. Mtoto aliyejifunza kuona jinsi upande wa kushoto ulivyo mtupu, siku moja atakuwa mtu mzima kijijini. Atakaa penye kilio, atasikia jina likitajwa, na kabla ya kuitikia na wengine atauliza: «Umeona nini?»